Kibao cha uwezo wa boti kimeng'oka: namba nitoe wapi?

Swali: Shikamoo fundi. Nimenunua boti ya zamani ya faiba, ya Kimarekani, futi 16, ipo Kigamboni. Kile kibao cha idadi ya watu na nguvu ya mashine hakipo, yamebaki matundu manne ya ribiti. Kijana wa mabango anasema atanichongea kingine, watu wanane na hospawa 60. Nimkubalie?

Jibu: Marahaba. Msimamishe kwanza. Kuchonga kibao ni kazi ya nusu saa. Kazi yenyewe ni kuipata namba, na hizo za kijana zimetoka kichwani.

Anza na namba ya bodi. Boti zilizoundwa Marekani tangu Novemba 1972 zina herufi na tarakimu 12, juu upande wa kulia wa ubao wa tezi, yaani ule wa nyuma unaofungwa mashine, ukiwa umesimama nyuma ya boti. Rangi ikiwa imeifunika, usipige msasa, utaifuta. Weka karatasi juu yake usugue kwa penseli, maandishi yatajitokeza. Herufi tatu za mwanzo ni za kiwanda. Mwandikie mtengenezaji, ambatisha picha, omba kibao au barua yenye viwango vya modeli hiyo. Walinzi wa Pwani wa Marekani hawatoi vibao vya kubadilishia, kwa hiyo usiwasumbue. Kiwanda kikiwa kimefungwa, tafuta mwenye boti ya modeli na mwaka uleule akupigie picha ya kibao chake.

Ukikosa kote huko, piga hesabu. Kanuni ya Kimarekani kwa boti ya bodi moja isiyofika futi 20: zidisha urefu kwa upana mkubwa kabisa, kwa futi, ugawe kwa 15. Upana ukiwa futi 6, 16 × 6 ni 96. Gawa kwa 15 upate 6.4. Desimali unaitupa: watu sita, na hao ni wa bahari tulivu. Wakati wa kusi punguza. Ngalawa, mtumbwi na boti ya mpira hazipimwi hivi.

Kwenye mashine ndipo wengi wanapokosea. Zidisha urefu kwa upana wa tezi, bila kuhesabu vishikio. Tezi ya futi 5 inakupa 80. Ukiongoza kwa mkono wa mashine, 80 × 0.8 utoe 25 ni 39, unaruhusiwa kuifikisha 40. Chini ya boti kukiwa bapa na kona kali, ni 80 × 0.5 utoe 15, yaani 25 tu. Lakini ukiwa na usukani wa mbele na tezi yenye kimo cha inchi 20 au zaidi, ni 80 × 2 utoe 90, sawa na 70. Kwa hiyo ile 60 inabebeka kwenye boti yenye usukani, na boti hiyohiyo ikiongozwa kwa mkono ni hatari: uzito wa mashine na wa nahodha vyote vinakaa tezi, maji yanaikaribia kingo ya nyuma, na mkono ukiteleza mashine inageuka ghafla.

Hesabu hizi zote zinadhani boti ni nzima. Ya umri huo huenda povu la kuielesha boti, lililo chini ya sakafu, limekunywa maji. Hapo unabeba mzigo usiouona na povu haliokoi tena. Toboa tundu la milimita 10 kwenye sakafu karibu na tezi, kwa uangalifu usifike kwenye bodi, utoe kipande cha povu ukiminye. Kikichuruzika maji, ling'olewe kabla ya namba yoyote kuandikwa. Gonga pia ubao wa tezi kwa mpini wa nyundo: mlio mkavu ni mzuri, mlio wa kufa ni mbao iliyooza.

Hesabu kilo pia. Mtu mzima mpe kilo 75, sita ni 450. Kila kilo 75 za barafu na samaki zinamtoa mtu mmoja.

Ukitaka kupeleka wageni kisiwa cha Mbudya kwa malipo, hesabu yako haitoshi. Idadi ya abiria inawekwa na mkaguzi wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, basi muite boti ikiwa nchi kavu, umwonyeshe karatasi ya vipimo. Namba yake ikiwa ndogo kuliko yako, ichongwe yake.

Sasa mrudie kijana. Bamba la aluminiamu, maandishi yachimbwe, si stika. Jua na chumvi vinaifuta. Liandikwe watu, kilo za watu, jumla ya kilo pamoja na mashine na mizigo, na hospawa. Juu yake iandikwe kwamba ni hesabu ya mwenye boti au ya mkaguzi. Usiige maneno ya kiwanda, huo ni udanganyifu kwa atakayeinunua kesho. Lisifungwe kwa skrubu za stenlesi zinazogusa aluminiamu, maana maji ya chumvi yatalila bamba kuzunguka matundu, na huenda ndivyo lile la kwanza lilivyong'oka. Tumia gundi ya poliurethani, uliweke mahali nahodha analiona akishika usukani, na matundu ya zamani yazibe kwa epoksi.