Usipesti hizo namba 64 za kubania picha kwenye programu ya cjpeg kabla hujaangalia mstari wa juu na safu ya kushoto

Mkuu mleta uzi simama hapo hapo, usibonyeze Enter. Hizo namba 64 (jedwali la 8 kwa 8 linaloamua picha ibanwe kiasi gani) ulizozitoa kwenye faili la kamera kwa kusoma heksa, yaani baiti zake ghafi, unazotaka kuzipesti kwenye faili la teksti umpe cjpeg, ile programu ya kugeuza picha kuwa JPEG, kwa swichi ya -qtables ili skani za ofisi zipungue ukubwa, ziko kwa mpangilio wa zigizaga, yaani kimshazari kutoka kona ya juu kushoto hadi kona ya chini kulia. Ndani ya JPEG ndivyo zinavyohifadhiwa. Ila cjpeg faili lako la teksti analisoma mstari kwa mstari, kushoto kwenda kulia, na hatakuonya chochote. Picha itafunguka vizuri tu kwenye simu, maana jedwali linasafiri humo humo ndani ya faili na kila programu inalifuata hata likiwa bovu.

Chukua lile jedwali la mfano la mwangaza kwenye stendadi ya JPEG ya 1992. Likikaa sawa, mstari wa juu ni 16 11 10 16 24 40 51 61, safu ya kushoto kushuka chini ni 16 12 14 14 18 24 49 72. Pande zote mbili zinashuka kidogo mwanzoni kisha zinapanda. Sasa lipesti kizigizaga uone: mstari wa juu unakuwa 16 11 12 14 12 10 16 14, yaani umelala usingizi, na safu ya kushoto inakuwa 16 13 26 29 56 87 95 121. Mstari wa juu unashika mabadiliko ya picha ya kwenda kulia, safu ya kushoto ya kwenda chini, na namba kubwa ndiyo inayokula picha, kwa hiyo mabadiliko ya kwenda kulia unayabeba kama yai na ya kwenda chini unayasaga. Mstari uliosimama unatoka safi, uliolala unaota ukungu juu na chini yake.

Mimi nilifanyia hivyo vitabu vya hesabu vya saccos moja, na kitabu cha hesabu ni mistari ya kulala mitupu! Namba 1 zilikuwa zinang'aa, ila kile kimstari cha juu cha 7 na alama ya kutoa vinayeyukia kwenye mstari wa kitabu. Mhasibu akanipigia, "kijana, hili ni deni au akiba?" Nikamwambia ni vumbi la kioo cha skana, msinicheke, nilikuwa naamini kweli, nimeifuta ile skana mpaka ikawa inanitazama. Na TIFF zote, yaani skani za asili kabla ya kubanwa, nilishafuta kupata nafasi kwenye diski, vitabu vimesharudishwa mkoani, ikabidi nivifuate kwa nauli yangu na kuskani upya bila kulipwa. Ile hela ya kazi ikaishia stendi.

Na yule jamaa wa video aliyenifundisha, "copy namba 64, paste, umemaliza", eti miaka kumi kwenye fani, neno zigizaga hakulitaja hata kwa bahati mbaya. Nikamwandikia kwenye komenti, akaifuta. Sawa bwana.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja tu: usitazame faili limepungua kiasi gani, tazama mstari wa juu na safu ya kushoto. Vikipanda kwa mwendo unaokaribiana endelea, kimoja kikilala na kingine kikipaa kama hapo juu umepesti zigizaga, panga upya. Halafu skani karatasi moja yenye jedwali lililochorwa kwa kalamu, vuta karibu pale mistari inapokatana.

Hiyo -quality 75 uliyoiweka mwishoni itoe, bila hiyo cjpeg anatumia namba zako kama zilivyo, ukiiweka anazigawa kwa mbili halafu utarudi hapa kulalamika mafaili ni makubwa.

Tupia hapa huo mstari wako wa juu na safu ya kushoto tuvione, na usifute TIFF hata moja kwanza.