Mgonjwa wa Kemo Hakandwi Kama Mzazi

Sisi wa Pwani tumezoea kukandwa. Mwanamke akijifungua anakandwa, bi harusi anasingwa, mtu akiamka shingo imekaza anatafutiwa mkandaji mwenye nguvu za mikono. Halati yangu, dada wa mama, alipoanza kemo, zile dawa kali za kuua saratani, kutibu saratani ya matiti hapa Mombasa, wanawake wa mtaani Kibokoni walijitolea papo hapo kuja kumkanda. Nia ilikuwa njema, na kukandwa kulimfaa kweli. Lakini mwili ulio kwenye kemo haukandwi kama wa mzazi, na hilo ndilo ninalotaka wenye wagonjwa nyumbani walijue.

Kemo hupunguza chembe zinazogandisha damu. Zikishuka sana, hata mkono wa kawaida huacha damu imevilia chini ya ngozi. Kwa kuwa damu hupimwa kabla ya kila dozi, muulize daktari au muuguzi siku hiyohiyo: kwa damu hii, akandwe au aachwe? Akiwa na homa, usimkande, mpeleke hospitali.

Mahali penye uvimbe wa saratani pasiguswe, wala ngozi iliyounguzwa na mionzi, wala karibu na kifaa cha kutilia dawa kifuani. Aliyetolewa tezi za kwapani, mkono wa upande ule usibonyezwe, maana unaweza kuvimba na uvimbe ule ni mgumu kuisha. Saratani ikiwa imefika kwenye mifupa, mgandamizo unaweza kuivunja. Na hili nalisisitiza: mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na unauma, usiuchue hata kidogo. Huenda ni damu iliyoganda ndani, na ikisukumwa yaweza kwenda mapafuni. Mwahishe hospitali siku hiyohiyo.

Baada ya hayo, kinachobaki ni kingi. Halati tulimkanda miguu na viganja baada ya Isha, dakika chache tu, kwa uzito ule wa kumpaka mtoto mchanga mafuta. Tulitumia mafuta ya nazi matupu. Yeye aliyependa asumini na udi maisha yake yote, kipindi cha kemo harufu yoyote kali ilimtapisha, basi tuliviweka mbali. Vidole vya miguu vilikuwa vimeshikwa ganzi, jambo linalowapata wengi wanaotumia dawa za kemo kama paclitaxel. Mwenye ganzi hawezi kukwambia kwamba unaminya sana au kwamba maji yanaunguza, kwa hiyo maji ya kumkandia yapime kwanza kwa kiwiko chako. Kichefuchefu kilitulia, mabega yakashuka, na mara nyingi alisinzia kabla hatujamaliza.

Si yeye peke yake. Mwaka 2004, hospitali ya Memorial Sloan-Kettering ya New York ilitoa matokeo ya wagonjwa 1,290 waliochuliwa: maumivu, wasiwasi, uchovu na kichefuchefu vilipungua, kwa wastani kama nusu. Nafuu yenyewe ni ya muda, ndiyo maana ni bora kumkanda kidogo mara kwa mara kuliko kumchosha siku moja.

Wapo waliotuonya kwamba kukanda kutaisambaza saratani mwilini. Wanahofia mkono utayasukuma majimaji ya tezi yanayoweza kubeba saratani, lakini majimaji hayo yanazunguka wakati wote, mtu akitembea, hata akipumua. Mkono mwepesi hausambazi ugonjwa. Hofu hiyo isimnyime mgonjwa wako kuguswa, maana wengi huanza kuogopwa tangu siku wanapotajiwa jina la ugonjwa.

Ukimlipa mchuaji, awe wa hotelini Nyali au bibi wa mtaani, mwambie mapema ni saratani gani, matibabu gani, na wapi pasiguswe. Asiyeuliza lolote, akakimbilia kuminya, mshukuru na umwache aende zake. Anayekwambia ataitoa saratani kwa mikono, na kemo iachwe, usimruhusu hata kuingia chumbani.