Muulize Shangazi: Samaki wa kupaka na waini nyeupe ya Kijerumani, vinaelewana?

Shikamoo shangazi. Mimi ni wa Tanga, naishi Koblenz mwaka wa nne sasa. Mume wangu kamaliza Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi, ya uuguzi na kafaulu, kwahiyo Jumamosi nataka nimpikie nyumbani, watu sita tu, samaki wa kupaka, wali wa nazi na kachumbari. Kuna wageni watatu Wajerumani wanakunywa waini, sisi wawili tunakunywa kidogo, wifi yangu pombe hagusi kabisa. Mwezi uliopita nilijaribu Riesling, ile waini nyeupe ya Kijerumani, imeandikwa trocken na mchuzi wa pilipili, jamani ikawa chachu mdomoni na pilipili ikazidi kuwaka. Ninunue ipi? Na bei isiniumize.

Marahaba mwanangu, na hongera sana kwa mumeo, maana kusoma uuguzi kwa Kijerumani huku unaingia shifti za usiku ni kazi kubwa, hiyo Jumamosi inastahili chupa nzuri mezani.

Ile waini yako wala haikuwa mbaya, ila haielewani na pilipili. Trocken ni kavu, yaani hamira imekula karibu sukari yote ya zabibu ikaigeuza kilevi, kinachobaki sheria yao hairuhusu kizidi gramu 9 kwa lita, sasa kilevi kikikutana na pilipili moto unapanda, na ule uchachu wa Riesling ukikosa utamu wa kuutuliza unabaki unauma tu. Wewe tafuta Riesling Kabinett ya Mosel ambayo imebakiza utamu. Na hapo ulipo uko penyewe kabisa, Mosel si inamwagika kwenye Rhein hapo hapo mjini kwenu Deutsches Eck, ukipanda na mto kwenda Cochem na Bremm unakuta zabibu zimepandwa kwenye miteremko ya mawe meusi mpaka unajiuliza watu wanasimamaje, ule mlima wa Calmont kuna sehemu umesimama nyuzi 65 hivi na wanavuna kwa mikono!

Ila sikiliza hapa maana wengi ndo wanapokosea. Neno Kabinett peke yake halikwambii kama waini ni tamu, linakwambia zabibu zilikuwa na sukari kiasi gani siku ya kuvunwa, kwahiyo kuna Kabinett trocken pia na ukiibeba hiyo utarudi kulekule. Geuza chupa, soma asilimia ya kilevi. Ukikuta 8 au 9, ujue hamira ilisimamishwa kabla haijamaliza sukari, utamu upo, beba. Ukikuta 12 kwenda juu hiyo ni kavu, rudisha kwenye shelfu. Mimi nimekaa Trier miaka sita na hiyo namba imenisaidia kuliko maneno yote marefu ya kwenye lebo. Kama wageni wako hawapendi utamu sana kuna neno feinherb, ni katikati, lakini sheria haijaliwekea kipimo, kila mkulima ana lake, kwahiyo muulize muuzaji. Yuro 8 mpaka 12 unapata chupa ya heshima kabisa, hasa ukinunua kwa mkulima mwenyewe.

Na usiogope mtu akikwambia waini tamu ni ya wasiojua kunywa, hiyo sifa mbaya ililetwa na Liebfraumilch, waini tamu za Kijerumani za bei rahisi zilizojaa kila mahali zamani. Kabinett nzuri ni kitu kingine. Tui zito linapaka ulimi mafuta, unakunywa funda moja, ule uchachu unakata mafuta yale vilevile ndimu inavyofanya juu ya samaki, alafu utamu unakuja nyuma unaipoza pilipili, unajikuta unarudi kwenye sahani na hamu mpya. Pilipili usiisage kwenye tui, tumbukiza moja nzima isipasuke, ya kusaga weka pembeni kila mtu ajichotee. Kachumbari nayo tumia ndimu kidogo, siki acha, inaua ladha ya waini.

Friji masaa matatu yanatosha, toa dakika kumi kabla ya kula. Chupa moja inatoa glasi tano nzuri, kwahiyo kwa wanywaji watano nunua mbili za chakula na Sekt moja, ile waini yenye povu, ya kumpongezea bwana mwanzoni. Wifi mnunulie Traubensaft nyeupe, yaani juisi ya zabibu, wakulima wengi wa zabibu wanaitengeneza wenyewe, ipoze sawa na waini na mmiminie kwenye glasi ileile ya wenzake, anyanyue na yeye bila mtu kumuuliza uliza.

Shangazi habari. Nipo Würzburg, mama mkwe anatimiza miaka 70 mwezi Mei, ameomba Spargel (asparaga) na viazi, hemu (paja la nguruwe) na siagi ya kuyeyusha, nimejitolea kupika mimi. Waini?

Safi sana baba, umeheshimu. Hapa sasa ndo trocken inapofaa, maana pilipili hamna. Chukua Silvaner, waini nyeupe ya hapohapo mkoani kwenu Franken, kwenye ile chupa bapa ya duara, Bocksbeutel. Miche ya Silvaner ililetwa Castell, kijiji cha hukohuko Franken, mwaka 1659 kutoka Austria, kwahiyo mama mkwe ataona umemletea kitu cha nyumbani kwao. Ladha yake imetulia, ina kaharufu ka majani mabichi, haigombani na ule uchungu mdogo wa Spargel. Usichukue iliyokaa kwenye mapipa ya mbao. Mei uko ndani ya msimu wa Spargel, unafungwa tarehe 24 Juni.

Bosi kanizawadia Riesling ya 2009, nimefungua inanuka mafuta ya taa na chini kuna chembechembe kama vioo. Imeharibika? Nimwage?

Usimwage! Riesling ikizeeka inatoa harufu hiyo yenyewe, wapo wanaotafuta chupa za namna hiyo kwa pesa nyingi, na chembe zile wanaziita Weinstein, ni asidi ya zabibu imeganda, haidhuru kitu. Irudishie kizibo, isimamishe kwenye friji mpaka kesho zitulie chini, choma kuku kwenye oveni kwa chumvi, siagi na kitunguu saumu, alafu mimina polepole, ukizikaribia zile chembe acha hapo.