Maswali ya Wasomaji: Kifurushi cha vinywaji melini kinalipia nini?

Barua nyingi za mwezi huu zimezunguka jambo moja: ukilipia kifurushi cha vinywaji kwenye meli ya utalii, kimo nini na nini hakimo? Bei za kinywaji kimoja kimoja tulizotumia hapa ni za mfano wa kupigia hesabu. Kila meli na kila tarehe ina bei yake, na masharti hubadilika mara kwa mara, basi soma yale ya safari yako kabla ya kutoa pesa.

Watoto wetu wametulipia mimi na baba yao safari ya usiku saba kutoka Miami kwa meli ya Royal Caribbean. Wakala anatushawishi tuongeze kifurushi cha pombe, eti "mtakunywa bure wiki nzima". Mzee hunywa bia mbili tatu jioni, mimi glasi ya mvinyo na chakula. Tukubali? (Nalongo, Ntinda)

Msikubali, Nalongo. Kwa unywaji huo mtatupa pesa.

Tuseme kifurushi ni dola 80 kwa siku. Mara saba ni 560. Juu yake huongezwa ada ya huduma ya asilimia 18, yaani dola 100.80, na jumla inafika 660.80 kwa mtu mmoja. Halafu kuna sharti ambalo mawakala hulitaja mwisho, kama wanalitaja: mtu mzima mmoja akinunua kifurushi cha pombe, watu wazima wenzake wenye umri wa kunywa walio chumba hicho hicho lazima wanunue pia. Kwa hiyo ninyi wawili mnalipa 1,321.60. Kwa kiwango cha shilingi 3,600 za Uganda kwa dola, hizo ni takriban shilingi milioni 4.76, na hamjagusa hata glasi.

Sasa upande wa pili. Ukinunua kinywaji kimoja kimoja, ile asilimia 18 unalipa vilevile, kwa hiyo katika kulinganisha unaweza kuiacha pembeni. Bia ikiwa dola 8, unahitaji bia 10 kwa siku ndipo zifike 80. Kokteli ikiwa dola 14, unahitaji 6. Watu husema, "Lakini tutachanganya na kahawa na soda." Sawa, tuchanganye: kapuchino 2 kwa dola 5, chupa 2 za maji kwa dola 4, soda 1 ya dola 4, glasi 2 za mvinyo kwa dola 12, kokteli 1 ya dola 14 na bia 2 za dola 8. Hiyo ni siku ya kunywa kwelikweli, na jumla yake ni 76. Bado hujafika.

Na hiyo ni siku ya baharini, ukiwa melini tangu asubuhi hadi usiku. Siku ya bandari mtashuka baada ya kifungua kinywa na kurudi alasiri, na vinywaji vya nchi kavu havimo, isipokuwa kwenye fukwe binafsi za kampuni yenyewe, kama CocoCay, ambako kifurushi cha Royal Caribbean hufanya kazi. Huwezi kununua kwa siku za baharini tu na kuruka za bandari. Unalipia safari nzima.

Bia tatu za mzee na glasi yako moja ni dola 36, na ada ya huduma inafanya 42.48 kwa jioni. Kwa jioni saba ni 297.36. Linganisha na 1,321.60.

Mkishikwa na tamaa baadaye (hutokea), nunueni kupitia akaunti yenu ya mtandaoni kabla ya safari, si melini. Bei ya mapema mara nyingi huwa chini, na ikishuka tena kabla ya kuondoka unaweza kufuta oda ya kwanza na kununua upya kwa bei mpya.

Tunasafiri na Carnival. Mimi nanywa, mke wangu ameokoka na hagusi pombe kabisa. Naweza kujilipia peke yangu? (Msomaji, Mbarara)

Hapana. Kifurushi chao cha CHEERS! kinataka kila mtu wa miaka 21 na zaidi aliye katika chumba hicho alipie. Wokovu haumpunguzii mtu bei.

Sababu ni kugawana. Kampuni inajua kwamba kifurushi kimoja chumbani kingenywesha wawili. Ndiyo maana kadi yako huchanganuliwa kila unapoagiza na picha yako hutokea kwenye mashine ya baa, hupewi vinywaji viwili kwa mara moja, na kuna dakika chache za kungoja kati ya kinywaji na kinywaji. Ukionekana unampitishia mwenzako glasi, kifurushi kinaweza kufutwa bila kurudishiwa pesa.

Royal Caribbean wana sharti kama hilo, lakini ukiwapigia simu mapema na kueleza sababu ya kiafya au ya kidini, wamekuwa wakikubali mara kwa mara asiyekunywa achukue kifurushi kisicho na pombe badala yake. Hiyo ni hisani, haimo katika haki zako. Ukikubaliwa, omba uthibitisho wa maandishi. Kuchukua vyumba viwili ili kukwepa sharti hakuna maana, kwa kuwa mtu mmoja chumbani kwa kawaida hulipa karibu bei ya wawili. Kwenu ninyi, kulipia kinywaji kimoja kimoja ndiyo njia ya busara.

Jambo jingine kuhusu CHEERS!: ni kama bando la intaneti linaloitwa halina kikomo huku lina kikomo. Vinywaji vya pombe ni 15 katika saa 24, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 asubuhi ya pili yake. Cha 16 hupewi hata ukitaka kukilipia. Soda na kahawa hazihesabiwi humo.

Napenda wiski nzuri, siyo ile ya rafu ya chini. Kifurushi kitanipa? (Ssebo wa Mbale)

Inategemea bei ya glasi. Kila kifurushi kina dari, yaani bei ya juu kabisa ya glasi ambayo kinailipia, na hapo ndipo kampuni zinapotofautiana.

Kwa Royal Caribbean dari ni dola 14. Kinywaji kikizidi, unalipa tofauti pamoja na ada ya huduma. Wiski ya dola 19 itakugharimu 5.90. Kwa Carnival dari iko juu zaidi, dola 20, lakini ukiivuka hulipi tofauti: unalipa kinywaji chote kwa punguzo la asilimia 25. Konyagi ya Kifaransa ya dola 24 inakuwa dola 18, kabla ya ada ya huduma. Kwa hiyo mtu aliyezoea glasi za dola 16 au 17 ananufaika Carnival, na mwenye kupenda za dola 22 na kuendelea anaumia huko.

Dari huhesabiwa kwa bei ya menyu kabla ya ada ya huduma. Menyu ya baa hiyo hiyo ina bei, isome kabla ya kuagiza "dabo" (vipimo viwili katika glasi moja), maana dabo huweza kukupitisha darini bila wewe kujua.

Vitu ambavyo vifurushi vingi havivigusi: friji dogo la chumbani, vinywaji vinavyoletwa na huduma ya chumbani, chupa nzima ya mvinyo au ya pombe kali, bia zinazouzwa kwa ndoo, na glasi za ukumbusho. Chupa ya mvinyo mara nyingi hupata punguzo ukiwa na kifurushi, uliza. Na kwenye meli za Royal Caribbean zenye duka la Starbucks, kifurushi cha pombe hakilipii hapo, ingawa espreso na kapuchino za mkahawa wa kawaida wa meli zimo. Watu hupanga foleni Starbucks kwa kujiamini, kisha wanashangaa bili.

Sisi ni Waislamu, tuko watu wazima wawili na watoto watatu. Tutakunywa nini bila kulipia kila kikombe? Na maji ya bomba melini ni salama? (Hajati, Kibuli)

Hajati, familia yako ndiyo yenye raha kuliko wote katika ukurasa huu. Kwenye meli kubwa zinazoondoka Marekani, ndani ya nauli kuna maji, kahawa ya kawaida, chai, maziwa, maji ya limau na chai baridi kwenye bufee, pamoja na sharubati za asubuhi. Msitarajie chai ya maziwa iliyochemshwa pamoja na tangawizi. Mtapata maji moto, majani ya pakiti na maziwa baridi pembeni. Anayeitaka ya nyumbani abebe tangawizi yake ya unga.

Sharubati za bure hutoka kwenye mashine. Ile iliyokamuliwa mbele yako hulipiwa, na aliyezoea pasheni ya Masaka ataona tofauti mara moja.

Maji ya bomba ni salama. Meli hutengeneza maji kutoka baharini kwa kuyavukiza na kuupoza mvuke uwe maji tena, au kwa kuyasukuma kupitia vichujio vyembamba sana, kisha huyatia klorini. Meli zinazotia nanga Marekani hukaguliwa na mpango wa usafi wa vyombo wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ambao unataka klorini isipungue miligramu 0.2 kwa lita kwenye mabomba yote. Hakuna haja ya kuchemsha wala kununua katoni la chupa. Jazeni chupa zenu kwenye bufee.

Kama watoto wanapenda soda, kuna kifurushi cha soda peke yake, cha bei ndogo. Kipo pia cha vinywaji vyote visivyo na kilevi, chenye kahawa za espreso, sharubati za kukamuliwa na kokteli zisizo na pombe. Kwa mtoto anayekunywa soda moja mchana na moja jioni, soda ya dola 4 mara mbili ni dola 8 kabla ya ada. Linganisha na bei ya kifurushi cha siku kabla ya kuamua. Kwenye meli za Disney hamhitaji hata hicho, kwani soda za mashine za kujihudumia na za mezani zimo katika nauli, na kampuni hiyo haiuzi kifurushi cha pombe cha kunywa bila kuhesabu kama wengine.

Kwa kampuni ya MSC hali ni tofauti kidogo. Katika safari zao za Ulaya maji ya chupa mezani hulipiwa, kwa hiyo kifurushi kisicho na pombe huanza kuwa na maana.

Angalizo moja: ukiagiza kokteli isiyo na pombe, taja neno hilo kwa mhudumu kila mara, hata kama menyu imeandika. Majina ya vinywaji hufanana, na baa ikijaa makosa hutokea.

Naweza kubeba waragi wa kunywea chumbani? (Msomaji, Arua)

Huwezi. Mizigo hupita kwenye mashine za ukaguzi, na pombe kali hutolewa. Kampuni nyingine huihifadhi hadi siku ya mwisho, nyingine huimwaga bila fidia. Royal Caribbean na Carnival huruhusu chupa 1 ya mvinyo ya mililita 750 kwa kila mtu mzima, siku ya kupanda tu, kwenye begi la mkononi. Ukiipeleka mgahawani utatozwa ada ya kufungua chupa. Ukiinywea chumbani hakuna anayekutoza.

Umri wa kunywa pia uangalie kama unasafiri na vijana: safari zinazoanzia Marekani ni miaka 21, za Ulaya kwa kawaida ni 18.

Nimeona safari ya Mto Nile, Luxor hadi Aswan, "chakula chote kimelipiwa". Vinywaji vimo? (Msomaji, Jinja)

Kwenye boti nyingi za huko, havimo. Chakula mara tatu kimelipiwa, chai na kahawa ni za asubuhi, lakini ukikaa mezani mchana hata chupa ya maji inaandikwa kwenye bili ya chumba chako, na unalipa usiku wa mwisho. Watu hushtuka kwa sababu ni maji tu, wala si pombe. Muulize wakala swali moja kwa maandishi: "Maji ya mezani mchana na usiku yamo?" Jibu hilo litakueleza mengine yote.

Zipo kampuni zinazoweka vinywaji ndani ya nauli. Viking hutoa bia, mvinyo na soda wakati wa chakula cha mchana na cha jioni. Nauli yao ni kubwa zaidi, hilo lazima ulipige hesabu. Kwenye boti za kawaida, bia za Misri kama Stella na Sakara huwa nafuu kuliko za kutoka nje, na karkade, kile kinywaji chekundu cha maua makavu, mara nyingi hutolewa bure siku ya kukaribishwa.

Nitalipaje melini nikiwa na kadi ya benki ya hapa? (Msomaji, Gulu)

Baa za melini hazipokei noti. Kila kitu huandikwa kwenye kadi ya chumba, na kadi hiyo huunganishwa na kadi yako ya benki au na amana ya dola taslimu uliyoweka kwenye dawati la huduma. Ukitumia kadi ya debiti, meli huzuia kiasi fulani mapema. Pesa hizo hazijakatwa ila huwezi kuzitumia, na kuachiwa kwake kunaweza kuchukua siku kadhaa baada ya kushuka. Ukitegemea salio hilo hilo kwa teksi na hoteli ya kurudi, utakwama. Amana ya taslimu ni salama zaidi kwa mtu wa hapa, na baki hurudishwa siku ya mwisho.

Ijulishe benki yako kabla ya kuondoka kwamba utatumia kadi nje ya nchi. Kisha pitia bili yako kwenye runinga ya chumbani au programu ya simu kila baada ya siku mbili. Kinywaji kilichoandikwa kimakosa Jumanne hurekebishwa kwa dakika tano Jumanne. Asubuhi ya kushuka, foleni ya dawati la huduma huwa ndefu na wengi hulipa tu ili waondoke.