Pampu ya Nyumbani Haitulii: Tukaze Nati au Tununue Swichi Mpya?

SWALI: Ndugu mhariri, nyumba yetu ina orofa mbili juu ya ile ya chini. Maji ya mgao huingia katika tangi lililochimbiwa ardhini, kisha pampu yenye swichi ya presha na tangi dogo la lita 24 huyapandisha hadi bafuni. Hivi karibuni, mtu akifungua mfereji, pampu ilikuwa ikiwaka na kuzimika kila baada ya sekunde chache. Fundi alikuja akakaza nati iliyomo ndani ya swichi, na sasa pampu haizimiki mpaka tuizime wenyewe. Je, tununue swichi nyingine?
Msomaji, Kasarani, Nairobi

JIBU: Ndugu msomaji, msinunue bado, kwa sababu dalili zote mbili zinaweza kutokea hata swichi ikiwa nzima. Pampu kuwaka na kuzimika upesi mara nyingi hutokana na upungufu wa upepo katika tangi la presha. Ndani ya tangi hilo mna mpira unaopokea maji, na nje ya mpira huo mna upepo uliobanwa, ambao ndio unaosukuma maji wakati pampu imepumzika. Upepo ukipungua, maji kidogo tu yakitoka, presha huanguka na pampu huwaka tena.

Dalili ya pili ililetwa na spana. Swichi ina viwango viwili, cha kuwasha na cha kuzima, na nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa kwenye bar 1.4 na 2.8 (bar ni kipimo cha presha). Nati kubwa ikikazwa hupandisha viwango vyote viwili pamoja, ilhali ile ndogo hubadilisha nafasi iliyo kati ya viwango hivyo. Bar 1 huinua maji takribani mita 10. Kwa hiyo, ikiwa kibandiko cha pampu kinasema kwamba mwisho wake ni mita 30, haitapita bar 3, na kwenu itapungukiwa zaidi kwa kuwa inavuta maji kutoka chini ya ardhi. Kiwango cha kuzima kikiwekwa juu ya uwezo huo, pampu itazunguka bila kukoma, ipashe moto maji yaliyomo, na mwishowe iharibike.

Anzeni na tangi. Zimeni umeme kwenye swichi kuu, kwani hata pampu ikiwa imetulia, ndani ya kifuniko cha swichi ya presha mnaweza kuwa na volti 240. Fungueni mfereji wa chini kabisa mpaka geji isome sifuri, kisha bonyezeni vali ya tangi, ambayo ni kama ya gurudumu la gari. Yakitoka maji, mpira umepasuka na lazima ubadilishwe. Ukitoka upepo, upimeni na kuujaza hadi bar 0.2 chini ya kiwango cha kuwasha, yaani bar 1.2, ambayo ni kama 17 katika kipimo cha psi wanachotumia watu wa panchari. Kupima tangi likiwa na maji ni kazi bure, maana geji itasoma presha ya maji hayo.

Baada ya hapo, fungeni mfereji, legezeni nati kubwa nusu mzunguko, rudisheni kifuniko, washeni umeme na mtazame geji pampu inapozimika; rudieni, mkizima umeme kila mara, hadi ifike karibu na 2.8, au chini zaidi ikiwa pampu ni dhaifu. Bafu la juu, likiwa mita 8 hivi kutoka kwa pampu, hupoteza bar 0.8 njiani. Maji yakiwa hafifu huko, kwanza safisheni kichwa cha bafu; yasipoongezeka, tafuteni pampu yenye nguvu zaidi.

Kuna jambo moja ambalo swichi hii ya kawaida haiwezi kuwasaidia: mgao ukichelewa na tangi la ardhini likikauka, haitaizima pampu, kwa kuwa presha haitafika kiwango cha kuzima. Mwambieni fundi aweke ndani ya tangi hilo swichi ya boya, inayozima pampu maji yakishuka.