Kupanda ameshajua, sasa mfundishe kuisoma njia

Ndugu yangu uliyeuliza umfundishe nini mwanao kabla hajaanza kwenda skuli Wete kwa baskeli: mimi nilimfundisha mpwa wangu barabara hiyo hiyo, na wiki ya kwanza baskeli hatukuitoa ndani.

Tulikaa kwenye gogo karibu na kituo cha daladala, alasiri watoto wakitoka chuoni. Nikamwambia, usinitajie unachokiona, niambie nini kitatokea. Mwanzo ananitajia magari tu. Siku ya tatu akasema, "Mjomba, utingo kagonga bodi, ile itasimama." Ikasimama.

Mimi somo hilo nililipata kwa kuanguka. Nilikuwa nateremka mlima nyuma ya daladala, ngo ngo ya utingo nimeisikia vizuri, wala haikunishughulisha. Mara breki. Kulia lori linapanda, kushoto majamvi ya karafuu yameanikwa mpaka juu ya lami. Nikachagua karafuu. Bibi mwenyewe alinipa pole, kisha akauliza nani ataziokota.

Kwa hiyo msimu wa karafuu akiona jamvi kwa mbali, asingoje alifikie ndipo achepuke. Ageuke atazame nyuma mapema, anyooshe mkono, atoke taratibu, na alipishe mbali, maana anayegeuza karafuu hurudi kinyumenyume na akili yake iko kwenye jamvi. Gari iliyoegeshwa, achungulie uvunguni: miguu ya mtoto utaiona kabla ya mtoto. Gari inayotoka njia ya panda, atazame gurudumu la mbele. Dereva anaweza kukukodolea macho na bado akaja, lakini gurudumu likianza kuzunguka limeshasema.

Tulipoingia barabarani yeye alitangulia, mimi nyuma na baskeli yangu, na kazi yake kusema kwa sauti: "Shimo. Kuku. Mama ana kuni kichwani. Kona, sioni mbele." Watu walitucheka sana. Akinyamaza kwa muda najua kachoka, tunashuka tunakokota.

Mvua ikinyesha, raba za breki zikiloa hazishiki papo hapo, basi aanze kubana kidogo kidogo kabla ya mteremko. Usiku nimemkataza kabisa, gari za ng'ombe hazina taa.

Ambalo bado hatujaelewana ni kengele. Akishaipiga anaona njia ni yake. Juzi kampigia ng'ombe, akangoja apishwe.