Maswali na Majibu: Mpangilio Huu Tuuiteje?

Kwenye i3, programu ya kupanga madirisha kwenye skrini ya kompyuta, niliandika amri ya split h nikitegemea dirisha jipya litokee chini. Likatokea kando. Nimekosea wapi?

Hujakosea, ndugu yangu. Jina lenyewe lina tafsiri mbili. i3 hutazama madirisha yanavyofuatana: h ni mlalo, kutoka kushoto kwenda kulia. Vim, programu ya kuhariri maandishi, hutazama mstari unaoyatenga, hivyo split yake hulaza mstari, dirisha moja likakaa juu na jingine chini. Kwa aliyezoea Vim, split h ya i3 ndiyo vsplit, amri ya Vim ya kuweka madirisha bavu kwa bavu. Jaribu sasa hivi: ndani ya i3 fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), bonyeza Mod (kitufe ulichokichagulia i3, kwa kawaida Alt au Windows) na v, kisha Mod na Enter. Terminali ya pili itakaa chini ya ile ya kwanza.

Ndiyo maana nasisitiza: ukiandika maelezo, usiishie kwenye "wima" na "mlalo". Andika "bavu kwa bavu" au "juu na chini", na ukiweza chora visanduku viwili.

Mpangilio wa Mirror Tall wa xmonad, programu nyingine ya kupanga madirisha, umepandisha dirisha kuu juu. Kioo (mirror) si hugeuza kushoto kuwa kulia?

Kioo hiki kimewekwa mshazari, kutoka pembe ya juu kushoto, kwa hiyo upana na urefu hubadilishana. Kihesabu jina ni sahihi, lakini mtu akisikia kioo hukumbuka kile cha ukutani. Mwongozo ungesema tu "dirisha kuu juu, mengine chini yake bavu kwa bavu", usingehangaika. Unachotafuta wewe, cha kugeuza kushoto kuwa kulia, ni reflectHoriz, kwenye xmonad-contrib, mkusanyiko wa nyongeza za xmonad.

Natafsiri mwongozo wa i3. Amri za mpangilio, tabbed na stacking, niziandike kwa Kiswahili?

Amri ziache zilivyo, maana zikitafsiriwa, i3 haitazitambua kwenye faili la usanidi. Tafsiri kile kinachoonekana. Katika mipangilio yote miwili dirisha moja tu ndilo lililo wazi. Tabbed hupanga vichwa vya madirisha safu moja kama vichupo, stacking huvipanga kimoja chini ya kingine. Ongeza tahadhari: kwingineko neno stacking hutumika kwa programu ambazo madirisha yake huelea na kufunikana. Hilo ni jambo jingine kabisa.

Alama []=, ><> na [M] za dwm, nayo programu ya kupanga madirisha, ni nini?

Kwa mfuatano huo: vigae (madirisha hugawana skrini bila kufunikana), kuelea, na dirisha moja kujaza skrini. Naipenda sana ile ya kwanza: kisanduku kikubwa kushoto, vidogo vimepangana kulia, ndivyo skrini ilivyo. Nayo [M], ukiwa na madirisha matatu, hugeuka kuwa [3].